Dubai hadi Guangzhou: kilomita ni zilezile, saa si zilezile

Kila msimu wa manunuzi unapokaribia naulizwa swali moja: kutoka Dubai mpaka Guangzhou ni mbali kiasi gani, na ndege inachukua muda gani? Jibu fupi ni hili. Kwa mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia, uwanja hadi uwanja ni karibu kilomita 5,830. Kwa ndege ya moja kwa moja, kwenda ni saa saba na ushee, kurudi ni saa nane na ushee.

Ninaishi Deira, mtaa wa Dubai, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwapokea wafanyabiashara wa nyumbani, wa Kariakoo, wa Darajani, wa Mombasa, na mara nyingi kuongozana nao hadi China. Nimeona watu makini, wanaojua bei ya kila robota la kitambaa, wakipanga safari kwa kuangalia umbali na nauli peke yake, kisha wakapoteza siku nzima ya soko. Kwa hiyo naandika yale ambayo huwa nawaambia tukiwa tumekaa tunakunywa chai, kabla hawajalipia tiketi.

Kwanza hesabu, kwa sababu inakusaidia kuijaribu tiketi yoyote unayoonyeshwa. Ndege kubwa za abiria zikishatulia angani hukata karibu kilomita 900 kwa saa. Gawa kilomita kwa 900, kisha ongeza dakika 40 hivi za kupanda, kushuka na kutembea uwanjani. Kwa Dubai na Guangzhou: 5,830 kwa 900 ni kama saa sita na nusu, ongeza dakika 40, unapata saa saba na dakika kumi. Kumbuka kwamba muda wa kwenye tiketi unahesabiwa tangu ndege inapoondoka getini hadi inapoegeshwa geti la upande wa pili, si tangu magurudumu yanapoacha ardhi. Ndiyo maana rubani anaweza kutangaza kwamba mtaruka muda mfupi kuliko ulioandikwa kwenye tiketi, na bado mkafika kwa wakati uleule.

Hizo kilomita 5,830 zenyewe hakuna ndege inayozifuata kikamilifu. Ukivuta uzi juu ya tufe la dunia kutoka Dubai hadi Guangzhou, utaona uzi unapinda kuelekea kaskazini, na katikati yake unaangukia kusini mwa Nepal, chini ya milima ya Himalaya. Marubani hawapendi kukaa muda mrefu juu ya milima ile na uwanda wa Tibet. Sababu ni ya usalama: ikitokea hewa ya ndani ya ndege imepungua, ndege inatakiwa ishuke upesi hadi karibu mita 3,000, ambako watu wanaweza kupumua bila msaada, na vile vinyago vinavyodondoka juu ya viti vina oksijeni ya dakika chache tu. Juu ya Tibet ardhi yenyewe iko juu kuliko hapo. Kwa hiyo njia ya kawaida inakaa kusini zaidi: Pakistan, India, Bangladesh, Myanmar, kisha inaingia China upande wa Yunnan. Anga ya nchi moja ikifungwa, njia inazidi kupinda na saa zinaongezeka. Kabla ya kusafiri nafungua ramani ya ndege kwenye simu na kuangalia ndege ya jana ilipita wapi na ilichukua muda gani. Hiyo ndiyo habari ya kweli kuliko jedwali lolote la umbali.

Sasa upepo, na hapa ndipo watu wengi wanaponitazama kama nawatania. Katika kimo ambacho ndege zinaruka kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Miezi ya baridi mkondo huo hushuka kusini na kupita juu ya kaskazini mwa India na kusini mwa China, palepale ndege yetu inapopita, na kasi yake inaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Ukienda Guangzhou unasukumwa. Ukirudi Dubai unapigwa usoni. Wazee wetu walilijua jambo hili baharini: jahazi lilikwenda Uarabuni kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, na nahodha hakuuliza maili peke yake, aliuliza mwezi. Angani ni hivyohivyo, ila upepo huu wa juu haugeuki ukakubeba kurudi. Unapungua tu, zaidi wakati wa kiangazi cha huku, na tofauti ya kwenda na kurudi inapungua nao.

Faida ya kulijua hili ni moja, na ni kubwa. Ukiwa unarudi kutoka Guangzhou mwezi wa Desemba, Januari au Februari, na una ndege nyingine ya kukupeleka Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, usikubali nafasi finyu katikati. Ndege ya kurudi ndiyo inayochelewa kwa upepo. Mimi nataka angalau saa tatu pale Dubai hata kama mfumo wa tiketi unaniambia saa moja na nusu inatosha. Na uangalie unashukia terminali gani na unaondokea ipi. Emirates wako Terminali 3; ndege nyingi za flydubai ziko Terminali 2, ambayo iko upande wa pili wa njia za kurukia. Ni uwanja mmoja kwenye karatasi, lakini kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kunakula muda.

Dada mmoja anayeuza mashuka Kariakoo aliwahi kunipigia simu usiku, tiketi mkononi, sauti imejaa wasiwasi. "Kaka, mbona kwenda ni saa kumi na moja na kurudi ni saa nne? Wanatupitisha wapi wakati wa kwenda?" Alikuwa amesoma vizuri kabisa kilichoandikwa. Tuseme ndege inaondoka Dubai 03:00, yaani saa tisa usiku, na inafika Guangzhou 14:15, saa nane na robo mchana. Ukitoa tu, unapata saa kumi na moja na robo. Ya kurudi inaondoka 00:15, saa sita na robo usiku, na inafika 04:30, saa kumi na nusu alfajiri. Ukitoa, unapata saa nne na robo. Hakuna aliyepitishwa kokote. Saa za tiketi ni za mji ule ndege ilipo: kuondoka kwa saa ya Dubai, kufika kwa saa ya Guangzhou. Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa nne, na mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Nchi hizi zote hazibadilishi saa wakati wa kiangazi kama wafanyavyo Ulaya, kwa hiyo tofauti hiyo ni ileile Januari hadi Desemba. China yote, pana kama ilivyo, inafuata saa moja ya Beijing.

Nilimfundisha njia ambayo huhitaji hata kukumbuka tofauti ya saa. Chukua muda unaoonekana wa kwenda na unaoonekana wa kurudi, jumlisha, gawa kwa mbili. Saa 11 na robo, jumlisha saa 4 na robo, ni saa 15 na nusu. Nusu yake ni saa 7 na dakika 45. Huo ndio wastani wa kweli wa safari, geti hadi geti. Kwenda toa kama nusu saa, kurudi ongeza kama nusu saa, kwa sababu ya upepo. Njia hii inafanya kazi kwa miji yoyote miwili, na inakuonyesha mara moja kama tiketi ina kituo cha kati ambacho muuzaji hakukitaja.

Jambo la tarehe ndilo linalonitia hofu zaidi, maana limewaacha watu wetu wengi uwanjani. Ndege za njia hii nyingi huondoka usiku wa manane, pande zote mbili. Tarehe ya tiketi hubadilika saa sita usiku. Lakini sisi tumelelewa siku inaanza magharibi jua linapozama au alfajiri linapochomoza, na mtu wa pwani akikwambia "usiku wa Ijumaa" inabidi umuulize ni upi, ule wa kuamkia Ijumaa au ule unaofuata. Tiketi haikuulizi. Ikiandikwa tarehe 12, 00:15, unatakiwa uwe uwanjani tarehe 11, kama saa tatu usiku. Ukienda usiku wa tarehe 12, ndege imeshaondoka tangu usiku uliotangulia. Kila ninayemkatia tiketi ya namna hii namwandikia ujumbe kwa maneno: "Unatoka hotelini Jumatano baada ya Isha, ndege inaruka usiku huo kuamkia Alhamisi." Mwandikie hivyo na dereva wa teksi. Mwandikie hivyo na mtu wa hoteli, kwa sababu chumba unakilipia hadi tarehe 11, si 12.

Na kama viza yako ya China inakupa siku za kukaa zinazoishia tarehe 11, ndege ya 00:15 tarehe 12 si ya kuichezea. Chagua inayokuachia walau siku moja ya akiba.

Sasa nauli. Emirates na China Southern wanakwenda moja kwa moja. Kisha kuna tiketi za bei ya chini zinazopitia mji mwingine, na hapo kilomita zinadanganya sana. Chukua mfano wa Bangkok. Dubai hadi Bangkok ni karibu kilomita 4,900. Bangkok hadi Guangzhou ni kama 1,700. Jumla 6,600. Umezidisha kilomita 770 hivi tu, ambazo kwa ndege si hata saa moja. Mtu akiona hivyo anasema, "Basi kuna hasara gani?" Hasara iko ardhini: kushuka, kukaguliwa, kusubiri saa nne au tisa, kupanda tena. Safari ya saa saba inageuka ya kumi na nne au zaidi, na unafika Guangzhou umechoka, jioni, maduka yanafungwa.

Sisemi usichukue kamwe. Kama unakwenda kukaa majuma mawili na mtaji ni mdogo, akiba hiyo inaweza kulipa vyumba vya siku kadhaa, na mimi mwenyewe nawashauri vijana wanaoanza wafanye hivyo. Kama unakwenda siku nne za soko, siku moja kati ya hizo ni robo ya safari yako. Ihesabu kwa fedha kabla ya kufurahia punguzo. Lakini kuna aina moja ninayoikataza kabisa: tiketi mbili tofauti za makampuni mawili yasiyohusiana, ulizoziunganisha mwenyewe. Mara nyingi mizigo haiendi moja kwa moja. Unatakiwa uingie nchi ile ya kati, uchukue begi lako, uanze upya kaunta. Kwa pasipoti zetu hilo laweza kuhitaji viza. Na ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina wajibu wowote kwako. Tiketi yako imekufa.

Wengine wananiuliza kama kuna maana ya kupitia Dubai ikiwa wanatoka nyumbani. Dar es Salaam hadi Guangzhou kwa mstari mfupi ni karibu kilomita 8,700. Ukipitia Dubai unakwenda karibu 3,980 hadi hapa, halafu 5,830, jumla kama 9,800. Umezunguka kilomita 1,100, ambazo ni saa moja na robo za angani, na juu yake kusubiri. Air Tanzania wana njia ya Dar es Salaam hadi Guangzhou, na Kenya Airways wana ya Nairobi; kwa kanuni ya 900 utaona ya Dar ni kama saa kumi na ushee hewani. Ikiwa kazi yako ni Guangzhou tu, angalia ratiba yao ya wiki kwanza, na kama siku zinakufaa, usije Dubai kwa mazoea. Pitia Dubai ukiwa na sababu ya Dubai: kulinganisha bei Dragon Mart, lile soko kubwa la bidhaa za China lililoko Dubai, kuonana na wakala wa mizigo, kukusanya deni. Watu wengi wakishatembea Dragon Mart siku mbili wanagundua kiasi wanachotaka kununua hakihitaji China kabisa. Kwa mzigo mdogo, hiyo ndiyo akiba kubwa kuliko zote.

Ukishafika, umbali mwingine unaanza. Uwanja wa ndege wa Guangzhou, Baiyun, uko kilomita 28 hivi kaskazini mwa katikati ya jiji. Metro ya Laini ya 3 inaingia hadi uwanjani. Kama unakwenda mtaa wa Sanyuanli, badilisha kituo cha Jiahewanggang uchukue Laini ya 2. Kama ni Xiaobei, ambako wengi wetu hufikia, endelea na Laini ya 2 hadi kituo cha reli cha Guangzhou, kisha Laini ya 5 kituo kimoja tu. Lakini metro haikeshi usiku kucha, Dubai wala Guangzhou, kwa hiyo ndege ya usiku wa manane maana yake ni teksi. Weka anwani ya hoteli imeandikwa kwa Kichina kwenye karatasi, si kwenye simu itakayozima. Na wakati wa Maonyesho ya Canton, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, ambayo yamekuwepo tangu 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili hadi Mei mwanzoni na Oktoba hadi Novemba mwanzoni, foleni ya uhamiaji peke yake inaweza kukuchukua muda mrefu. Mlango hadi mlango, Deira hadi chumba cha Xiaobei, mimi huhesabu saa kumi na tatu hadi kumi na nne kwa ndege ya moja kwa moja, na sipangi kazi yoyote siku ya kufika zaidi ya kula, kuoga na kubadilisha fedha.

Kama unaweza kuchagua, chukua ndege inayokufikisha mchana au alasiri. Utalala usiku wa wenyeji na kesho yake utaamka na soko. Anayefika saa moja asubuhi huona ameokoa siku; ikifika saa sita mchana, ambayo kwa mwili wake ni saa mbili asubuhi baada ya usiku bila usingizi, anakubali bei ambayo angeikataa. Kwenda mashariki ndiko kunakochosha zaidi, kwa sababu usiku wako unakatwa. Kama unatumia insulini au dawa nyingine ya saa maalumu, mwulize daktari kabla namna ya kusogeza dozi kwa saa nne. Usibuni mwenyewe ndani ya ndege.

Kwa wenzangu Waislamu, huo usiku kukatwa unagusa na swala. Ukiondoka Dubai saa tisa usiku kwenda mashariki, unalikimbilia jua. Alfajiri inaingia mapema kuliko unavyotazamia, kiasi cha saa moja na nusu au pungufu baada ya kuruka, na muda wake unakuwa mfupi kwa sababu ninyi na jua mnakutana. Ukisema nitalala kidogo kwanza, utaamka jua limejaa dirishani. Tia udhu kabla ya kupanda ndege, uliza kibla kwenye skrini ya kiti kama ipo, na usiifunge saa ya simu kwenye wakati wa Dubai, tazama dirisha.

Mwezi wa Ramadhani mambo yanakuwa makubwa zaidi. Aliyekula daku Dubai akaruka asubuhi kwenda Guangzhou atafuturu mapema, siku yake imepungua karibu saa nne. Aliyekula daku Guangzhou akaruka asubuhi kurudi Dubai, siku yake inaongezeka karibu saa nne, na atatua Dubai jua bado liko juu. Futari ni pale jua linapozama ulipo wewe, si saa ya mji ulioutoka wala unaouendea. Ruhusa ya msafiri kufungua ipo, na mtu mzima mwenye kisukari au presha namsihi aitumie. Anayetaka kufunga siku ya kurudi, achague ndege ya usiku na tatizo lote litaondoka.

La mwisho ni simu, kwa sababu safari haikatizi biashara iliyobaki nyumbani. Maduka ya jumla ya Guangzhou yakifungua saa nne asubuhi, Dubai ni saa kumi na mbili, Dar es Salaam ni saa kumi na moja alfajiri. Yakifunga saa kumi na mbili jioni, Dar ni saa saba mchana. Kwa hiyo mwenye duka Kariakoo anayetaka kuona kitambaa kwa video kabla hujalipa, awe macho asubuhi mapema na amalize kuamua kabla ya Adhuhuri. WhatsApp haifanyi kazi kwenye intaneti ya kawaida ya China. Wekeni WeChat wote wawili mkiwa bado nyumbani, mjaribu kupigiana. Na kabla ya kugusa tarehe yoyote, angalia kalenda yao: tarehe 1 hadi 7 Oktoba ni sikukuu ya taifa, na mwaka mpya wa Kichina, ambao huangukia Januari au Februari, hufunga viwanda kwa majuma. Ukitua siku hizo, ndege itakuwa imekufikisha kwa wakati na hutamkuta wa kukuuzia.